Viza ya Kwenda Ulaya Kuwatazama Watoto Wetu

Hotuba ifuatayo ilisomwa mbele ya wakulima wa kahawa wa Tanzania, wanachama wa chama cha ushirika, waliokutana kwa shughuli zao. Twaichapa yote kwa faida ya wasomaji wa vijijini wenye watoto ng'ambo.



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la watu wachache wa mijini, nalo sasa limefika hata migombani kwetu. Watoto wetu wamekwenda mbali kwa masomo na kwa kazi. Huyu ni muuguzi Ujerumani, yule anasoma uhandisi Ufaransa, na wengine wameoa au kuolewa huko na kupata watoto. Siku moja simu hulia, na mtoto husema, "Baba, njoo na mama mumwone mjukuu wenu, nauli nitalipa mimi." Furaha huingia nyumbani. Lakini baada ya furaha hufuata swali la njia ya kwenda, na hapo ndipo neno viza linapotajwa. Mara nyingi anayelitaja kwanza ni mtu asiyestahili kuaminiwa, naye hulitaja pamoja na bei yake.

Basi nataka kuwaelezeni viza ni kitu gani, huombwaje, na kwa nini mkulima asiye na mshahara wa kila mwezi asikate tamaa kabla ya kujaribu.

Kwanza tutofautishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Pasipoti ni kitabu unachopewa na Serikali yako, nacho husema wewe ni nani na ni raia wa nchi gani. Hapa kwetu hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Viza ni ruhusa ya nchi nyingine, nayo husema kwamba mwenye kitabu hiki aweza kufika mpakani kwetu kwa sababu fulani na kwa siku kadha wa kadha. Pasipoti ni haki ya raia aliyetimiza masharti; viza ni hiari ya mwenye nyumba, ambaye hufungua mlango akisha kujua anayebisha hodi ni nani.

Desturi hii si ya kale sana kwa namna tuionayo leo. Kabla ya vita vya mwaka 1914, nchi nyingi za Ulaya hazikumdai msafiri kitabu cho chote. Vita vilipokuja, kila nchi ilianza kuogopa wageni, na hofu hiyo haikuondoka vita vilipokwisha. Mwezi wa Oktoba 1920 mataifa yalikutana Paris, chini ya Shirikisho la Mataifa, yakapatana pasipoti iwe kitabu cha kurasa 32 cha namna moja. Baadaye nchi za Ulaya zilichoshwa na mipaka baina yao wenyewe. Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano, yaani Ubelgiji, Ufaransa, Uholanzi, Luxembourg na Ujerumani Magharibi, zilitia sahihi mapatano karibu na kijiji cha Schengen, ukingoni mwa mto Moselle katika Luxembourg. Ndiyo maana viza hiyo huitwa viza ya Schengen, kwa jina la kijiji cha wakulima wa mizabibu. Ukaguzi wa mipaka uliondolewa tarehe 26 Machi 1995, na leo nchi zilizomo ni 29. Uingereza na Ireland hazimo. Anayekwenda huko huomba viza ya nchi hiyo peke yake.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yangu. Watu hudhani ofisa wa ubalozi huuliza mambo mia. Kwa kweli huuliza matatu tu: unakwenda kufanya nini, nani atalipa gharama zako, na je, utarudi? Makaratasi yote, hata yakiwa mengi kama majani ya mgomba, ni majibu ya maswali hayo. Nalo la tatu ndilo zito kupita yote. Sheria ya viza ya Ulaya yamtaka ofisa atazame kama mwombaji ana nia ya kuondoka kabla ruhusa yake haijakwisha. Akiona shaka juu ya hilo, humnyima.

Mkulima akisikia hivyo husema, "Basi mimi sina langu. Sina barua ya mwajiri wala hati ya mshahara." Ndugu zangu, hapo ndipo mnapojipunja. Ni nani aliyefungwa na nyumbani kuliko mwenye mibuni elfu, ng'ombe wawili wa maziwa, na zamu yake katika halmashauri ya kijiji? Karani wa mjini aweza kuacha kazi leo akapata nyingine kesho. Mkulima hawezi kulibeba shamba lake begani. Jibu la swali la tatu mnalo. Upungufu wenu ni huu tu, kwamba jibu hilo liko shambani, nalo halijaandikwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ofisa aliye Dar es Salaam hawezi kuja kuhesabu mibuni yako. Huamini kilichoandikwa mbele yake.

Kwa hiyo anayetaka kusafiri mwakani aanze kuandika leo. Kwanza ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, mwanakijiji aweza kupewa Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa shamba lake. Kama huna, anza kuishughulikia kupitia halmashauri ya kijiji chako, maana hati hiyo ina faida nyingine nyingi kuliko safari. Pili ni mazao. Zitunze stakabadhi zote za chama cha ushirika za kupeleka kahawa na za malipo, za misimu miwili au mitatu. Tatu ni fedha. Malipo yako yapitie benki, ili akaunti ionyeshe mapato na matumizi kwa mfululizo. Nne ni jamaa. Pata cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto waliobaki, na cheti cha kuzaliwa cha yule anayekualika, ili uzazi wenu uthibitike. Tano ni heshima yako kijijini. Kama wewe ni mjumbe wa halmashauri, mzee wa kanisa, imamu, au mweka hazina wa chama, omba barua inayosema hivyo, yenye tarehe, sahihi na mhuri. Barua za Kiswahili zifasiriwe kwa Kiingereza, au kwa lugha iliyotajwa na ubalozi.

Naonya hapa juu ya jambo moja la fedha. Kuna watu hukopa milioni kadhaa, wakazitia benki wiki moja kabla ya kuomba viza, wakidhani ofisa atafurahi kuona jumla kubwa. Ofisa hatazami jumla peke yake. Hutazama fedha zilitoka wapi na zilikaa muda gani. Akaunti ndogo yenye mwendo wa kweli ni bora kuliko kubwa iliyofura kwa usiku mmoja.

Tutwae sasa mfano wa mzee anayealikwa na binti yake aliye Ujerumani, tuzifuate hatua zake.

Kwanza yampasa kujua ubalozi wa kuuendea. Kanuni ni kwamba huombwa ubalozi wa nchi ambayo ndiyo shabaha ya safari. Kama safari ni ya nchi mbili kwa siku sawasawa, huombwa ile atakayoingia kwanza. Asiende kwa ubalozi mwingine kwa sababu ameambiwa eti huko ni rahisi. Akiomba viza kwa nchi moja na moyo wake uko nchi nyingine, tayari ameanza kwa uongo.

Pili, wakati. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, wala lisichelewe kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa katika siku 15, lakini waweza kufika siku 45 ikiwa mambo yanahitaji kuchunguzwa zaidi. Tena hapana budi kungoja miadi, yaani siku ya kupokewa ofisini, nayo yaweza kuwa mbali. Kwa hiyo asiyengoja dakika ya mwisho ndiye mwenye busara. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, pasipoti yenyewe. Iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu kwa uchache, na iwe na uhai wa miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Wapo walionyimwa si kwa kosa jingine ila kitabu kilikuwa karibu kufa.

Nne, barua ya mwaliko. Binti aandike baba yake atafika lini, atakaa wapi, na ataondoka lini. Aambatanishe nakala ya pasipoti yake na ya kibali chake cha kukaa. Kama yeye ndiye mlipaji, aende ofisi ya wageni ya mji wake akatoe ahadi ya kisheria, ambayo kwa Kijerumani huitwa Verpflichtungserklärung. Kwa ahadi hiyo hujifunga kulipa gharama za mgeni wake, hata za hospitali na za kumrudisha kwao. Si karatasi ya adabu tu. Ni deni linaloweza kudaiwa. Mzazi alijue hilo, asije akamtia mtoto wake matatani kwa kufanya lisiloruhusiwa.

Tano, bima ya matibabu. Iwe ya Euro 30,000 kwa uchache, itumike katika nchi zote za Schengen, tena kwa siku zote za safari. Bima hiyo hulipa ugonjwa wa ghafula, matibabu ya hospitali, kurudishwa nyumbani kwa mgonjwa, na hata kusafirishwa kwa maiti. Tusilione neno hilo kuwa ni baya. Mwenye umri wa miaka sabini hapuuzi jambo kama hilo.

Sita, fomu, picha na ada. Fomu haiuzwi, hutolewa bure, nayo ni ya namna moja kwa nchi zote za Schengen. Ada ya viza tangu tarehe 11 Juni 2024 ni Euro 90 kwa mtu mzima, na Euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hata asiyetimiza 12. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi. Mahali ambapo maombi hupokewa na kampuni kwa niaba ya ubalozi, kampuni hiyo huweza kutoza malipo yake juu ya ada hiyo. Ada hairudishwi hata ukinyimwa. Kwa sababu hiyo hiyo usilipe tiketi ya ndege kabla ya kupata viza. Onyesha nafasi uliyowekewa tu.

Siku ya miadi mwombaji hufika mwenyewe na kutoa alama za vidole vyake kumi. Watoto chini ya miaka 12 husamehewa. Alama hizo zaweza kutumika tena kwa ombi jingine katika muda wa miezi 59. Akiulizwa maswali, ajibu kwa ufupi na kwa kweli. Binti yako anafanya kazi gani? Anakaa mji gani? Utakaa siku ngapi? Nani atatunza shamba? Asilolijua aseme halijui. Wengine hukariri majibu waliyofundishwa na watu, kisha swali likigeuzwa kidogo tu hukosa la kusema, kana kwamba binti wanayemtaja si wao.

Na hapa nafika kwa wale waitwao vishoka. Hawa hukaa karibu na ofisi, au hupiga simu kijijini, wakisema wana ndugu ndani ya ubalozi. Huahidi viza kwa hakika, nao hutaka fedha mbele. Mzee huuza ng'ombe, au huweka shamba rehani, akidhani ananunua mlango. Sikilizeni vizuri: hakuna kishoka awezaye kuuza viza, kwa maana uamuzi si wake. Akusaidiaye kuandika fomu kwa malipo ya haki hana kosa. Lakini akuahidiye jibu ni mwongo, na akutengenezeaye barua ya kazi usiyo nayo, au taarifa ya benki isiyo yako, anakutia shimoni, kisha yeye huondoka.

Shimo hilo lina kina kirefu. Habari za kila ombi huhifadhiwa katika daftari moja la mashine la nchi za Schengen kwa muda wa hata miaka 5, na maofisa wa viza wa nchi hizo zote huweza kulisoma. Ukidanganya kwa Wajerumani, Wafaransa watajua, na Waitalia pia. Karatasi ya uongo peke yake ni sababu ya kunyimwa, hata kama mengine yote yalikuwa kweli. Mzee aliyekuwa na shamba halali na binti halali huharibiwa na barua moja ambayo hakuihitaji kabisa. Njia ya mwongo ni fupi.

Tuseme sasa viza imetoka. Usifurahi ukasahau kuisoma. Ina tarehe ya kuanza na ya mwisho, na kando yake kuna hesabu ya siku unazoruhusiwa kukaa. Mambo hayo mawili si jambo moja. Viza yaweza kuwa hai kwa siku 60, lakini ikaruhusu kukaa siku 45 tu. Zile 15 zilizozidi ni nafasi ya kubadili siku ya safari, wala si ruhusa ya kukaa zaidi. Na hata mwenye viza ya kwenda mara nyingi hawezi kupita siku 90 katika kila siku 180. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka pia. Kwa hiyo aliyeingia tarehe 1 Juni na viza ya siku 90, siku yake ya mwisho ni tarehe 29 Agosti, wala si tarehe 31. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandikisha mipakani kuingia na kutoka kwa wageni kwa mashine, kwa uso na kwa vidole, mahali pa mihuri ya zamani. Hesabu hiyo haisahau wala haioni haya.

Viza pia si hakika ya kuingia. Askari wa mpakani ana haki ya kukuuliza tena yale maswali matatu. Makaratasi ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi yawe katika mkoba wa mkononi, yasiwe ndani ya sanduku lililo tumboni mwa ndege. Na viza ya kutembelea si ruhusa ya kazi. Kijana anayetaka kwenda kufanya kazi au kusoma kwa miaka aombe viza ya jambo hilo tangu mwanzo. Asijifiche nyuma ya jina la utalii.

Na kama umenyimwa? Usione aibu, wala usidhani umetukanwa. Hupewa karatasi yenye sababu, nayo ndiyo ya kusomwa kwa makini kuliko zote. Kama imesema shabaha ya safari haikuthibitika, tazama barua ya mwaliko. Kama imesema kuna shaka juu ya kurudi kwako, tazama tuliyoyasema ya shamba na jamaa. Ukiona umeonewa, sheria yakupa haki ya kukata rufani. Kwa Ujerumani hupelekwa mahakama ya utawala iliyo Berlin, nayo ina gharama na huchukua muda. Kwa wengi, njia nyepesi ni kukamilisha kilichopungua na kuomba upya, kwa kuwa kunyimwa mara moja hakukatazi ombi la pili. Lakini anayerudisha makaratasi yale yale asitazamie jibu jingine.

Sitawadanganya kwamba kila mwenye haki hupewa. Ofisa ni mwanadamu, na muda anaolipa kila ombi ni mfupi. Wapo wazee waaminifu walionyimwa, na wajukuu waliowajua babu zao kwa picha tu. Ni jambo la kuumiza. Hata hivyo, lililo mikononi mwetu ni kubwa kuliko tunavyodhani. Stakabadhi unayoifungia chumvi leo ndiyo itakayohitajika mwakani. Anza na pasipoti, anza na hati ya shamba, anza na daftari la mauzo. Ukienda ukarudi kwa siku yako, umejenga jina lako kwa safari ya pili, na umemlinda mtoto wako aliyekuwekea dhamana.

Wenye maswali wayalete sasa, na wenye makaratasi wayalete nayo tuyatazame pamoja.